Uzi wa Saba

Programu yataka anwani:
namba ya nyumba, jina la njia, msimbo wa posta.
Hapa Mkomani kichochoro hakina jina,
kina ukuta wa chumvi na mlango wa fulani,
nami nikajaza, kisanduku cha sita:
"Pembeni mwa Bi Mwanaamini, juu ya bomba linalovuja."
Nairobi wakairudisha.
Andika sawasawa, wakasema.

Nimeandika sawasawa. Bomba bado lavuja.

Setilaiti nazo zanicheza shere.
Kuta zimekaribiana, mbingu ni ufito tu,
na alama yangu ya buluu kwenye ramani
yaruka, yatua baharini, mita tisini kutoka gatini:
mimi na ngazi yangu na kofia ngumu
twatembea juu ya maji bila muujiza wowote.
Naivuta kwa kidole, nairudisha nchi kavu.

Zamani ramani ilikuwa Lali Shekuwe.
Ukimuuliza waya wa benki wapita wapi,
afumba macho, anyoosha mkono:
"Wapanda kwa mshona viatu, washuka nyuma ya birika la msikiti,
hapo umejikunja mita kumi. Usiukaze.
Siku moja utauhitaji."
Kampuni haikumwambia aandike, naye hakuandika.
Alipozikwa, mwezi wa Rajabu,
tulizika naye nusu ya mtandao.

Limebaki daftari moja la hesabu, jalada lina mafuta ya sambusa,
na rangi alizonifundisha kama alifu kwa ujiti:
buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe,
nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, feruzi.
Ukikosea moja
hospitali yazungumza na duka la mabati.

Jana, Langoni, nikafungua kisanduku cha kumi na nne.
Programu yasema: nyuzi nne zina kazi, nane ni akiba.
Nikaweka kipimo juu ya nyekundu, wa saba, akiba,
kikalia.
Mwanga.
Mwanga usiolipiwa, usio na jina,
wakimbia ukutani kimya kama mtoto aliyeiba sukari.

Mashine ikanena: mita mia mbili na kumi na nane.
Nikahesabu kwa miguu, nikatoa mikunjo, nikatoa kupanda na kushuka,
nikajikuta mbele ya duka la barafu la Athman Kupi.
Akatazama tochi. Akatazama ngazi.
"Ndoo yuu," akasema. "Nalijua mtakuya."

Juu, mafuriji matatu yakinguruma,
na kijisanduku chenye taa za kijani, kimefunikwa kitambaa cha kufumwa.
"Miaka mitatu dawa ya sukari ya binti wa Lali
ilikaa humu, baina ya samaki na barafu.
Stima ikikatika nawasha jenereta
kwa chupa mbili ndogo. Sikumtoza.
Akaniletea huu uzi, nikakataa.
Akauunga usiku."

Nyumbani nikafungua daftari.
Kumi na nne, nyekundu. Mbele yake neno moja,
herufi zake zilizolala kama zimechoka:
deni.

Sasa ni saa tano. Fomu iko wazi.
Hali ya uzi, chagua moja:
Unatumika. Akiba. Umekatika.
Deni haimo.
Nikiandika kweli, kesho watanituma mimi mwenyewe na mkasi.
Nikiandika akiba, hakuna atakayeuliza,
mpaka siku atakapokuja msichana mwingine na ngazi
asiyemjua Lali, asiyekuwa na daftari,
akute mwanga palipoandikwa giza,
aone mimi nilikuwa mwongo, au mvivu.

Nimechagua "Unatumika."
Mmiliki: Lali Shekuwe.
Simu ya mmiliki, lazima ijazwe.
Nimeijaza. Ninayo bado, sikuwahi kuifuta.

Hifadhi? yauliza programu.
Neno zuri. Sijui nani aliwachagulia.