Safu ya Bado

Tulipanda kilima cha Hilltown tukiwa wanne,
suti za kuazima, viatu vya kuteleza,
kila mmoja na kompyuta mgongoni na neno "mkakati" mdomoni.
Mvua ya Dundee hainyeshi, inakusogelea tu
kama mtu anayetaka kukukopa.

Profesa alisema: wiki nane, mteja halisi, alama thelathini.
Mteja halisi alikuwa gereji yenye harufu ya grisi na biskuti,
viti vya magurudumu vimening'inia darini kama popo,
na Bibi Ishbel Petrie, kalamu ya risasi sikioni,
aliyetuuliza kabla hata ya majina:
"Nani kati yenu anajua kuziba pancha?"

Hakuna.
Freya alikuwa na cheti cha uchambuzi wa takwimu.
Gurpal alikuwa na maswali arobaini, yamepangwa kwa rangi.
Lachlan alikuwa na mafua.
Mimi, Mwanahamisi wa Kihonda, Morogoro, nilikuwa na aibu,
maana pancha nimeziona zikizibwa mlangoni petu tangu utoto
na sikuwahi kuinama.

Mali bila daftari huisha bila habari,
hilo nililijua. Lakini daftari lilikuwapo, tena si moja, kumi na tisa,
majalada mekundu, mwandiko wa kulala upande:
jina la mkopaji, mtaa, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha,
na pale ambapo siku ya kurudisha haipo,
kistari kimoja, kifupi, cha kalamu ya risasi.

Tukavihesabu vistari. Mia moja na kumi na viwili.
Wiki ya tatu tukavipa jina: Hasara.
Wiki ya nne tukavipaka wekundu,
na chati ikavimba ukutani kama jipu.
Gurpal akapendekeza dhamana, pauni arobaini kwa kila kiti.
Freya akapendekeza saa ya chai ifutwe, haina tija.
Nilitikisa kichwa kukubali. Niseme kweli: nilitikisa mara mbili.

Bibi Petrie aliutazama ule wekundu muda mrefu.
Kisha akaweka kidole, kistari kwa kistari:
"Huyu mguu haujapona.
Huyu alifariki Januari, mkewe hukikalia usiku akitazama habari.
Huyu yuko gerezani Perth, kiti kiko kwa dada yake.
Huyu ni mwizi. Huyu naye.
Huyu sijui. Nitampigia Jumanne. Jumanne ndiyo siku yake."

Nikaiona meza ya mama, kitambaa cha plastiki,
wanawake kumi na wawili wa upatu wakipeperusha noti,
na daftari lake, neno lile lile mbele ya jina la Bi Tausi
mwezi hadi mwezi: bado.
Si hakulipa. Si hatalipa. Bado.
Mlango umerudishwa tu, haukutiwa komeo.
(Alilipa mwaka niliofanya mtihani wa darasa la saba,
kwa kuku watatu na nusu ya fedha.)

Wenzangu wakataka tafsiri.
Nikawapa maneno mawili, nikaongeza la tatu,
nikayarudisha yote mfukoni.
Lachlan, pua nyekundu, ndiye aliyefungua safu mpya kwenye jedwali,
akaniuliza herufi moja moja, akaandika.
Profesa alitukata alama tatu: istilahi isiyofafanuliwa.

Dhamana haikupita. Chai ipo.
Programu ya miadi tuliyoijenga kwa mbwembwe ilikufa Pasaka,
na wale wezi wawili ni wezi vile vile.

Siku hizi Jumamosi napanda kilima bila suti.
Nazamisha tyubu kwenye beseni, naizungusha taratibu,
nangoja mapovu yanioneshe palipotoboka.
Bibi Petrie anauliza kama nimemaliza.
Namjibu kwa neno moja. Analijua.