Alama Haina Mjomba

Fizikia, D.
Herufi yenye kitumbo, kama mja mzito;
nimeibeba miaka kumi na tisa
na haijazaa kitu.

Pendulamu ndiyo iliyoniponza.
Uzi, kipande cha chuma, saa ya mkononi:
hesabu mibembeo ishirini, andika muda.
Nilifika kumi na saba, msimamizi akakohoa,
nikapotea.
Nikajaza nilichokisia
na wasahihishaji wakakiona.

Kemia B. Baiolojia A.
Chuo kule Upanga kilitaka mafiga matatu yaliyolingana,
langu moja fupi,
chungu kikamwagika.

Baba, fundi friji wa Mtoni, aliuliza mara moja tu,
huku akifuta gesi mikononi:
"Hakuna mtu wa kumpigia simu?"
Hakukuwepo.
Na angekuwepo, ningeketi kwenye kiti cha mtoto wa nani?
Hapo ndipo ninapoipenda alama,
hapo hapo nilipoichukia:
haina mjomba.
Haiulizi kwenu Masaki au Kizuiani,
haipokei bahasha, haili pilau ya mtu.
Ila haikuuliza pia
kwamba shuleni kwetu pendulamu ilikuwa moja, sisi themanini,
na mara yangu ya kwanza kuigusa
ilikuwa asubuhi ile ya mtihani.
Mjomba haina. Masikio nayo haina.

Nisijifariji kwa uongo.
Rweyongeza, aliyezoa A tatu
kama anayeokota chenji yake sakafuni,
ni daktari kweli.
Nilimpeleka mama kwake mwaka juzi;
alimshika mkono kabla ya kushika faili,
akamuuliza anapika nini jioni.
Nilikwenda nikitaraji roho ya chuma.
Nikarudi na dawa, na wivu usio na pa kuutua.

Leo Havijawa, binti wa kaka,
amenifuata zahanati na matokeo kwenye simu,
ufa wa kioo umepita katikati ya namba yake.
"Shangazi, pointi hizi zinatosha?"
Nami nilishazoea kumwambia mtu
homa yake ni malaria au si malaria,
nikashindwa kusoma herufi tatu.
Zinatosha kwa nani? Wameomba wangapi?
Nani mwaka huu kakohoa, na wapi?

"Ngoja," nikamwambia.
Mama wa Charambe ameingia na mtoto wa miezi mitano,
kifua kinabonyea ndani kila akivuta hewa.
Nafunua kanga. Natazama saa.
Dakika nzima, si nusu mara mbili.
Nje bodaboda wanagombea abiria kwa honi,
muuza kahawa anagonganisha vikombe,
mtu koridoni anakohoa, anakohoa tena.
Kumi na sita.
Kumi na saba.
Kumi na nane.
Havijawa ananitazama midomo
kama vile mimi ndiye niliyeshika majibu yake.
Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja.

"Lete kalamu," nasema, "na fomu ya rufaa, ile ya Temeke."
Analeta mbio, mikono yote miwili,
simu yake ameitua juu ya mzani wa watoto.
Mzani, usiojua kubagua,
umeyapima matokeo:
gramu mia na tisini.