Kipenyo

Walinikabidhi bikari, ramani ya wadi, kalamu nyekundu.
Mita mia tano, akasema Bwana Nyale,
toka lango la skuli, toka madrasa, toka chekechea,
toka kila uwanja wenye goli, hata goli la mawe.
Ndani ya mstari, aliyefungwa kwa kosa lile
hapangi chumba. Halali. Hata kwa mamake.

Nilifurahi, sitaficha.
Nina binti wa darasa la tatu.
Nilichora kama mtu anayefunga milango usiku,
huu, na huu,
kisha anarudi kuusukuma wa kwanza.

Chaani ikaisha. Magongo ikaisha.
Mikindani mtaa mmoja una madrasa tano,
maduara yakapandana kama magamba ya changu.
Hata kando ya reli mama mmoja ana chekechea:
mabati, watoto kumi na wanane, sufuria moja ya uji.
Nikamhesabu.

Hadi magharibi kote kulikuwa kwekundu
isipokuwa kipenyo, ukubwa wa choroko,
kati ya gereji ya Mwachiro na godauni la chumvi.
Nyumba sita za kupangisha, mfereji wa zamu.
Bwana Nyale akaweka kidole.
"Basi. Naye apate pa kulaza ubavu.
Hatuwezi kumtupa baharini."
Badi Shekue anatoka Shimo la Tewa Jumatatu,
baada ya miaka kumi na minne.

Jumamosi, ofisi inafungwa, akaja mwanamke kijana
na ndoo ya mahamri. Hakuketi.
Aliitazama ramani ukutani
kama mtu asiyeona jina lake kwenye matokeo.
"Hizi nyekundu ni nini?"
Nikamweleza, kwa kiburi kidogo.
"Na hapa peupe?"
Nikanyamaza.
"Hapa ndipo nakaa mimi."

Wakati ule alikuwa na miaka saba.
Mahakama ilimwita kwa herufi mbili,
na herufi mbili hazina anwani.
Sasa ana ishirini na mmoja. Si skuli. Si uwanja.

"Mlango wangu," akasema, "unapimwa na nani?"

Nikafungua kifungu cha nne, cha tano, nyongeza,
nikasoma polepole, nikijua hayumo,
kama atafutaye ufunguo katika mfuko uliotoboka.
Akaniachia mahamri mawili juu ya faili,
hakusema ya nini. Akaenda kuuza.

Jumapili si siku yangu ya kazi. Nilikwenda na utepe.
Kizingiti chake ni kibao chenye msumari uliotokeza.
Akashika ncha ya sifuri kwa vidole viwili,
nami nikarudi kinyumenyume, nikapita mfereji, nikapita gereji,
watu wakiuliza, mnajenga nini?
Utepe una mita hamsini.
Mara kumi tulisimama, mara tisa alinifuata
akakanyaga alama niliyochora kwa chaki.

Kesho Bwana Nyale atauliza
nani kachora duara hili kwa kalamu ya buluu.
Ramani haina tena peupe,
na saa tatu asubuhi mtu atasimama nje ya lango la gereza
na bahasha ya kaki. Naye ana ubavu. Najua.

Sindano ya bikari niliichoma penye kizingiti,
taratibu,
kama naomba radhi.