Tundu la Ukutani

Yuro kumi na nane, maji ya kunywa hayamo.
Tulikuwa tisa, tukimfuata Calogero
na mwavuli wake mwekundu, umefungwa, ameuinua
kana kwamba ukishuka tu, Palermo itatumeza.

Alituonyesha kiti cha kinyozi kilichofungwa mnyororo.
Kukipiga picha, yuro mbili.
Alituonyesha mkahawa, na meza ya nyuma
ambapo, alisema, wanaume watano waligawana mji
kama tikiti maji,
na wasiokuwepo mezani wakaokota maganda.
Tukacheka. Nami nilicheka.

Kisha kichochoro nyuma ya soko,
harufu ya dagaa na sabuni,
na tundu ukutani, usawa wa kifua.
"Risasi," akasema, kwa sauti ya kanisani.
Tukapanga foleni.
Mjerumani akaingiza kidole cha shahada,
mkewe akaingiza chake, akakitoa, akakipuliza.
Kingo zimelainika kwa vidole vya wageni
kama pete ya mjane.
Zamu yangu ikafika.
Ndani palikuwa baridi. Basi.

Dirisha likafunguka juu yetu.
Bibi kizee, vibanio vitatu vya nguo mdomoni,
akavitoa kimoja kimoja kabla ya kusema:
"Hilo alilitoboa marehemu mume wangu
afunge kamba ya kuanikia. Akakosea kipimo,
ndiyo maana kuna la pili pale."

Calogero akacheka:
"Donna Crocifissa! Kila Jumamosi ananiharibia biashara!"
Mwavuli ukainuka, wenzangu wakaufuata.
Mimi nilikuwa nimeinama, nafunga kiatu.

"We! Sogeza mguu."
Nikasogeza.
"Hapo ndipo. Kaka yangu Rosolino, muuza vifungo.
Walikuja kila mwezi kudai pesa ya ulinzi.
Mwezi mmoja akawapa kifungo kimoja cha koti,
akawaambia chenji wabaki nayo."
Hakuendelea.

Nikatazama chini. Jiwe la njia kama mengine,
ila jeupe kuliko majirani zake,
jeupe la kusuguliwa.

"Mbona Calogero hasemi?" nikauliza,
kwa Kitaliano changu cha kuokoteza.
"Anajua?"

Akarudisha kibanio mdomoni,
akabana shuka, akabana foronya,
nikadhani hakunisikia.

"Ni mjukuu wake," akasema.
"Unadhani kwa nini anawaonyesha tundu?"

Mwavuli mwekundu ulikuwa umesimama kwenye kona,
umeteremshwa,
ukinisubiri.