Makopo Thelathini na Tisa

Lori langu nililinunua likiwa ndani ya makopo:
ya aiskrimu, ya biskuti, moja la maziwa
ya mtoto aliyekwisha kuota ndevu.
Chasi ililala uani kwa Bi Maureen, Dunstable,
chini ya turubai la buluu,
nyasi zimechomoza mahali pa giaboksi.
"Alilifungua lote kwa kiangazi kimoja," akaniambia.
"Kulifunga hakuwahi."
Akazihesabu noti zangu mara mbili, bila haya.

Bedfodi ya mwaka sitini na mbili.
Yeye mzaliwa wa mji huu, mimi wa Korogwe,
na ndugu zake nilikutana nao kwetu,
wamebebeshwa mkonge hadi springi zinalia.
Nilikuwa utingo. Usukani sikuugusa hata siku moja.
Kazi yangu ilikuwa jiwe:
dereva akipiga kelele mlimani, "Weka!"
naruka, naliweka nyuma ya tairi,
naomba Mungu.

Gereji yetu inatosha baiskeli mbili
na manung'uniko ya Saumu.
Basi kipupwe kizima injini ikakaa jikoni.
Vali kumi na mbili nilizianika kwenye kichanja cha sahani.
Saumu akaamka alfajiri kwenda zamu hospitali,
akazikuta zinang'aa katikati ya vikombe.
Hakusema.
Alichomoa kikombe kimoja, akanywa chai wima,
akaondoka.
Ukimya ule nisingeuinua kwa jeki.

Marehemu aliitwa Wilf. Sikumwona hata kwa picha,
ila mwandiko wake naujua kuliko wa baba yangu.
Kila kopo na karatasi yake, penseli, herufi zimelala:
*Ya kushoto hii. Usidanganyike.*
*Springi ya klachi. Linda macho.*
*Hizi nati ni za mwizi, lakini zinaingia.*
Kopo la ishirini na sita:
*Sijui. Utajua wewe.*
Wewe nani, Wilf?
Ulimwambia nani, saa ngapi ya usiku,
mkono umeganda kwa grisi kama wangu?

Kutu haina haraka. Mimi ninayo, nina miaka sitini na tisa.
Msasa, brashi ya waya, msasa tena,
mvua ya Novemba inachungulia shingoni.
Nasri alikuja kutoka Leeds kunishikia tochi;
mwanga ukawa unafuata simu yake.
Hata hivyo yeye ndiye aliyesikia,
"Baba, hiyo inalia vibaya,"
na kweli gasketi nilikuwa nimeigeuza.
Nilimtukana kidogo. Kisha nikaifungua.

Kopo la mwisho lilikuwa tupu.
*Kirungu cha gia: anacho Mo.*
Nikaenda kumuuliza Bi Maureen, kofia mkononi.
"Kilipotea," akasema, macho kwenye birika.
Nikafunga kitasa cha kabati letu la nguo.

Aprili likawaka. Lilikohoa moshi mweusi,
likanyamaza, nikaapa,
likawaka.
Nikalipeleka mpaka mlangoni kwake.
Alipanda bila kusaidiwa, goti kwanza,
akatazama kitasa cha kabati, akacheka puani.
Akafungua mkoba.
Kilikuwa cheusi, kimelika upande mmoja,
upande wa kiganja.
Akakifumbata mpaka Totternhoe, kupanda na kushuka,
na kila nilipobadili gia
niliona vidole vyake vikikaza,
nusu sekunde kabla yangu.

Nilisubiri.
Mlangoni alikirudisha mkobani, akabana zipu.
"Breki zinavuta kulia," akasema. "Zilikuwa hivyo hivyo."

Nimerudi peke yangu kwa njia ndefu.
Kitasa kinazunguka mkononi.
Gia ya pili naitafuta
kama mtu anayepapasa swichi ya taa
katika nyumba ya mwenzake.