Zamu ya Usiku, Chumba cha Mitambo

Saa sita za usiku, simu yatoka Kimara,
Ni namba tu kwangu huku, kwenye kioo, ishara,
Yakimbia, si udaku, mnara hadi mnara:
Shika, ndipo niachie, neno lisije katika.

Manzese hana nafasi, mechi yazua kelele,
Nimewabana kiasi, picha zao zende pole,
Watanitukana basi, sauti ipite mbele:
Shika, ndipo niachie, neno lisije katika.

Bonde la Jangwani giza, wimbi limekuwa uzi,
Magomeni nahimiza: pokea kama mlezi!
Muhimbili yanyamaza. Kilio, au uzazi?
Mimi sisikii neno, nalinda lisikatike.