Daftari la Achvarran

Tuliinunua shule kwa bei ya lori kuukuu:
chumba kimoja, kengele isiyo na ulimi,
na vigingi vya makoti ukutani, ishirini na sita,
vyote usawa wa kiuno changu.

Daftari lilikuwa nyuma ya ubao, panya wamelila pembeni.
Mwalimu Farquhar Gillanders aliandika kwa kubana,
kama mtu anayenunua wino kwa tone.
"Leo tisa tu. Wengine wanachimba viazi."
"Leo wanne. Theluji." Juma zima, theluji.
"Nimemchapa Murdina Beaton kwa kusema Kigaeli uwanjani.
Alikuwa akimwita mbwa."
Kisha nafasi tupu, kana kwamba kalamu ilisita,
halafu, kwa herufi ndogo zaidi:
"Mbwa hajui Kiingereza."

Ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe.
Jirani zetu husema ndio mwaka ule
wakala wa mwenye ardhi alipolitaka bonde la juu
kwa ajili ya kondoo,
nyumba kumi na moja zikavuliwa mapaa
watu wangali wanakoroga uji.
Wengine husema, aa, mtu alitaka karatasi ya kuwashia moto.
Mimi sijui. Ninachojua,
ukurasa unaofuata majina ni nusu
na mwandiko ni ule ule, haukutetemeka.

Wakaja walimu wengine, wino wa buluu,
vita viwili ambavyo daftari halivitaji
ila kwa kuuliza makaa ya mawe yamekwama wapi.

Mwisho kabisa, Ewan MacRaild, peke yake.
"Yupo." "Yupo." "Yupo."
Miaka miwili ya yupo.
Siku moja ya Machi: "Hayupo. Mafua."
Mwalimu alikuja hivyo hivyo, akawasha jiko,
akagonga kengele saa tatu kamili,
akaandika kwamba ameigonga.

Ewan ana miaka themanini na moja sasa,
anatengeneza matrekta ya watu ng'ambo ya mto.
Nilimwalika chai. Hakutazama vitabu vyangu
wala dirisha jipya tunalolilipia mkopo.
Alivua koti, akainama, magoti yakalia,
akalitundika kigingi cha nne kutoka mlangoni.

Koti lilikuwa refu, nusu yake ikalala sakafuni.
Mume wangu alinyoosha mkono kuliokota.
Nikamkanyaga mguu.